Vidole Viwili vya Akiba

Fundi cherehani huyu huongea na pini mdomoni, na katika miaka arobaini ya urafiki wao mwenzake, mwandishi, hajamwona akimeza hata moja. Hakati kitambaa bila kuacha upana wa vidole viwili vya akiba ndani ya mshono. "Mwili hauna ahadi," husema. Gauni la bluu alilomshonea mwenzake walipomaliza shule amelifumua na kulipanua mara nne, kila baada ya uzazi, wala hajawahi kuuliza, "Mbona umenenepa?" Mwenzake hajalisahau hilo. Ndilo gauni alilovaa siku aliyomletea fundi riwaya yake ya kwanza, hadithi ya marafiki wawili tangu utotoni hadi mmoja anapomzika mwenzake. Fundi alinawa mikono, akakagua kwanza uti wa kitabu kama anavyokagua pindo, kisha akakaa nacho siku tatu. Siku ya nne mwandishi aliingia roho mkononi, akakuta pini imechomekwa ukurasa wa mwisho.

"Kizuri, mwenzangu. Nimelia mpaka nimelowesha suruali ya mteja. Ila hapa mwisho umebana mno."

Akazitoa pini zote mdomoni, jambo asilolifanya hata mbele ya maharusi.

"Ungeacha akiba. Sisi bado tunanenepa."