Mfereji wa Bwawa la Mgodi

Mwaka wa pili tangu nimlete baba kutoka nyumbani Kalemie, kando ya ziwa, akili ilianza kumtoka. Tulikaa Malvern, mtaa wa jiji la dhahabu huku kusini, katika chumba kilichokuwa nyuma ya kibanda changu cha kushonea. Kila asubuhi alivaa koti, akasimama mlangoni.

"Mama, bato inatuacha."

Kwetu wazee huwaita binti zao mama, na bato ni meli. Ujana wake wote aliumalizia kwenye meli za ziwa. Mara mbili alinitoroka. Mara ya pili walinzi walimkuta katikati ya barabara kuu, magari yakimkwepa. Nikaanza kumfungia kwa kufuli. Alipiga mlango mpaka vidole vikatoka damu.

Nilipokosa la kufanya, nikasema basi, nitampandisha hiyo meli.

Kusini mwa jiji kuna bwawa la zamani la mgodi, na siku hizo mzee mmoja alikuwa akikodisha mashua za makasia. Nikakodi moja ya kutwa. Mzee akaniuliza kama najua kupiga kasia.

"Nitajua hukohuko," nikamjibu.

Nikampandisha baba, nikapiga kasia mpaka kwenye mfereji waliouchimba watu wa dhahabu enzi zile, kuta zake za mawe, maji yake rangi ya kutu. Baba alitulia. Akawapungia mkono watu ambao mimi sikuwaona. Nikadhani Mungu amenisikia.

Mwisho wa mfereji palikuwa na nondo zilizoziba njia, chupa za plastiki zimejaa.

"Tumefika?"

"Tumefika, papa."

"Sasa mama yako iko wapi?"

Mama tulimzika kabla sijahama nyumbani. Baba akainuka kumtafuta, mashua ikalala upande, maji yakaingia. Nikamdaka mkanda, kasia likaniponyoka.

"Kaa, papa! Nakuomba, kaa!"

"Niache! Wewe ni nani?"

Nikapiga mayowe kwa kila lugha niliyokuwa nayo. Kando ya bwawa waumini wa kanzu nyeupe walikuwa wakibatizana. Mwanamke mmoja akaja mbio, akashuka mferejini na kanzu yake, maji yakamfika kifuani, akaushika ubavu wa mashua.

"Hlala phansi, baba," akamwambia polepole. Kaa chini, baba.

Baba hakujua Kizulu, ila hilo neno la mwisho. Akakaa.

Alituvuta mpaka nchi kavu, akamfunika baba shali yake, akaniuliza kwa Kiingereza kama nina ndugu hapa wa kunisaidia. Nikatikisa kichwa. Akanishika mkono.

Kwenye taksi, basi dogo la abiria la huku, baba alilala begani kwangu, mdomo wazi, viatu vikichuruzika maji. Wiki nyingi zilikuwa zimepita bila kumwona amelala hivyo. Kituo chetu kikafika, kikapita. Sikumwambia dereva asimame.