Maziwa ya Kwanza ya Kibuyu Kipya

Katika kambi ya vibarua ya shamba moja la mzungu, upande wa Bahati, mtoto akiharisha hakupelekwa kwanza kwa mganga wala dispensari. Alipelekwa kwa Jepkosgei, mama yake Chebet. Maziwa yake yalilala siku nne ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa kijinga cha moto, kisha akayakoroga na asali kidogo. Watoto waliyalamba mpaka viwikoni. Tumbo lilitulia, na kesho yake mtoto yuleyule alirudi mlangoni kuomba tena, buheri wa afya.

Mwaka wa hamsini na nne aliyeumwa alikuwa Sally, binti wa nyapara Naftaly. Kibuyu cha Jepkosgei kilikuwa kimepasuka, kwa hiyo jirani yake Wangui akampa kingine, kimekwisha kaushwa na kutolewa mbegu. Wangui ndiye Mkikuyu pekee aliyesalia katika safu ile ya nyumba. Wenzake, walioshukiwa kuwaasi wazungu, walikuwa wamepakiwa kwenye lori na kurudishwa Rizavu, ardhi waliyotengewa Wakikuyu. Neno moja la nyapara lingetosha kumfuatisha.

Siku ya nne Naftaly alikuja mwenyewe, mtoto begani, wakamaji wakimfuata nyuma.

"Nasikia kibuyu kimetoka kwa Wangui."

"Ndiyo, Baba Sally."

"Siku hizi unapokea kitu cha Mkikuyu, Mama Chebet? Hicho kilicho juu ya shingo yako ni kichwa au ni kibuyu kingine?"

Wakamaji walicheka. Wangui, aliyekuwa akipita na mzigo wa kuni mgongoni, alisimama palepale.

"Onja wewe kwanza," Naftaly alisema. "Mbele yangu."

Jepkosgei akamimina. Kikombe kilipogusa mdomo ndipo alipokumbuka: maji ya kuloweka kibuyu aliyamwaga bila kuyaonja. Kila mwanamke kwao alijua kwamba miongoni mwa vibuyu vitamu huota kimoja kichungu, na kwa macho huwezi kukitambua. Haraka ya tumbo la Sally ilikuwa imemsahaulisha.

Akameza. Shubiri tupu.

Uchungu ule ulikuwa wa kibuyu chenyewe, si sumu ya mtu, lakini nani angemweleza Naftaly akaelewa? Jepkosgei alikaza uso, akanywa mpaka chini, akajifuta mdomo.

"Yameiva," alisema.

"Basi mpe mtoto." Sally alikwisha nyoosha mikono.

"La. Maziwa ya kwanza ya kibuyu kipya hayapewi mtoto. Kwetu hunywewa na aliyekitengeneza."

Desturi hiyo haikuwapo popote. Ilizaliwa pale pale, kinywani mwake. Naftaly, mtu wa Maragoli asiyejua mila zao, alimgeukia mkamaji mzee wa kabila lake Jepkosgei.

"Kimaiyo, ni kweli?"

Kimaiyo alitazama kipaji cha Jepkosgei, jinsi jasho lilivyotiririka asubuhi ya baridi. Alikohoa.

"Kweli kabisa. Mama yangu alikuwa habakishi hata tone."

"Basi amalize," alisema Naftaly.

Jepkosgei alimwangalia Kimaiyo kana kwamba angemtia meno. Kisha akamimina cha pili. Akamimina cha tatu. Hakuna aliyecheka sasa. Kibuyu kilipotoa matone ya mwisho alikiinamisha chini ili wote waone.

"Nitarudi Ijumaa kwa maziwa ya pili," Naftaly alisema, akaondoka na mtoto akilia.

Jepkosgei alitembea polepole, mgongo wima, hadi nyuma ya zizi. Huko akapiga magoti. Alipomaliza kutapika alihisi kiganja baridi kikimshika paji la uso. Wangui alikuwa na kile kibuyu. Alitia kidole ndani, akalamba, akatema, kisha akakaa chini kando yake.

"Ulijua tangu kikombe cha kwanza?"

"Nilijua."

"Na ukanywa vitatu?"

"Viwili vya mwisho ni vya Kimaiyo. Mpumbavu yule." Akashika tumbo. "Nipe maji, dada. Halafu twende kwako tukachague kingine kilichokwisha kaushwa. Ijumaa si mbali, na safari hii kila kibuyu tutakilamba ndani kabla ya kukitia maziwa."