Sinema Niliyolala Ndani Yake

Watu wakianza kutajiana filamu za makala wanazozipenda, mimi hunyamaza kama sijasikia, na si kwamba sina yangu, ninayo, tena naipenda kuliko zote nilizowahi kuona, ila ndani ya filamu hiyo nimelala chali, mdomo wazi, sisimizi anatembea shavuni, na Nachingwea nzima imeniona. Sasa nimezeeka na aibu yenyewe imechakaa, kwa hiyo leo naisema yote, nanyi chekeni tu, nimeshazoea.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati Wazungu wa karanga walikuwa wameshashindwa na mashamba yao na matrekta mengine yamebaki yanaota kutu. (Enzi hizo hatukuziita filamu za makala, tulisema sinema za mafunzo, zikija na gari lake lenye jenereta nyuma, na sisi tulizipenda kuliko ngoma, maana zilituonyesha watu wa kweli wakifanya kazi za kweli.) Mimi kwetu ni Ruangwa, lakini nilikuwa nimehamia Marambo kwa ajili ya binti mmoja anaitwa Somoe, kwa sababu huku kwetu mwanamume ndiye anayekwenda kukaa ukweni, na kabla hujapewa mke unalima shamba la mama mkwe mpaka waridhike kwamba wewe ni mtu wa kazi.

Nililima masika mawili. Jembe nilipewa na mama mkwe mwenyewe, jipya, pana, ila hakunipa mkononi, aliliegemeza ukutani nje ya jiko na kuondoka, ndipo nikaambiwa hilo lako. Maana mama mkwe husemi naye, humtazami usoni na yeye hakutazami, mkikutana njiani wewe unaingia porini unageuka mgongo mpaka apite. Kwa hiyo Mama Somoe nilimjua kwa miguu yake na kikohozi chake, basi. Maneno yote yalipitia kwa kaka yake, mjomba Chilumba, mtu mkali, ambaye ndiye mwenye kauli juu ya wapwa zake. Alishaniambia, "Baada ya mavuno tutakujibu. Tukikuona mtu, utajenga hapa. Tusipokuona mtu, njia ya Ruangwa unaijua."

Basi siku moja, jua la saa sita, natoka shambani kwa mkwe nilikokuwa tangu alfajiri, mgongo unauma, jembe begani, nakuta gari limesimama kwenye mikorosho, kuna Mzungu mwenye kamera ya miguu mitatu na karani wake Mwafrika aliyevaa kaptula na soksi ndefu. Walikuwa wanatafuta vijana wawili. Mmoja alime, mwingine alale. Wa kulala walishampata, rafiki yangu Mauridi, kijana mzuri sana, mcheshi, ila jembe kwake lilikuwa kitu cha kuegemea tu wakati wa mazungumzo. Wakaniona mimi na jembe langu, karani akasema, "Huyu hapa mlimaji."

Nikamtazama Mauridi. Alikuwa ametandikiwa mkeka kivulini, pembeni kuna birika la chai ya maziwa na biskuti kwenye sahani. Nikamtazama Mzungu, ananionyesha nikalime juani. Jamani, tangu alfajiri nalima! Nikamwambia karani, "Bwana, hatuwezi kubadilishana?" Karani akamuuliza Mzungu, Mzungu akainua mabega, kwake yote sawa. Na huo ndio uamuzi mdogo ulioniponza.

Mauridi hakuwa na jembe (la kwake lilivunjika mpini mwaka uliopita na alikuwa bado analihurumia), kwa hiyo wakamtolea jipya kutoka kwenye gari, linang'aa bado na rangi ya dukani. Mimi nikanywa chai, nikala biskuti zote, nikaweka jembe langu kando ya kichwa, nikalala. Karani akasema, "Jifanye umelala." Sikujifanya. Nililala fofofo, mpaka nikaamshwa gari linawashwa.

Mtauliza, hukuuliza filamu inahusu nini? Sikuuliza, kwa sababu nilishajijibu mwenyewe. Kule kwenye mashamba ya karanga Nachingwea nilikowahi kufanya kibarua, aliyekuwa juani alikuwa mtu wa kawaida, na aliyekuwa kivulini na birika la chai alikuwa mkubwa. Hesabu yangu ikawa hiyo. Nikarudi Marambo nikatangaza kwamba nimepigwa sinema, mimi ndiye mwenye shamba na Mauridi ni kibarua wangu.

Miezi ikapita, mavuno yakakaribia kuisha, tukasikia gari la sinema limefika Nachingwea na sinema yetu imo. Mtu mwenye akili angekaa kimya. Mimi nilimfuata mjomba Chilumba nikamwambia, "Mjomba, twendeni wote, mkanione." Akaniangalia, akasema, "Na dada yangu naye?" Nikasema naye, na mashangazi, na majirani, yeyote mwenye macho. Tukapata lori linalorudi Nachingwea, ukoo mzima juu, wanawake wanaimba, mimi nyuma kabisa nimemgeuzia mama mkwe mgongo kama inavyopasa. Na ili nisije nikasahaulika kwenye sinema, nilivaa shati lilelile la mistari nililopigwa nalo picha na kofia ileile yenye unyoya wa kanga. (Hapo mnaweza kucheka, mimi mwenyewe hucheka.)

Walionyeshea ndani ya ghala lililowahi kuwekwa karanga, mchana, madirisha yamezibwa kwa magunia, shuka jeupe limetundikwa mbele. Tulianza na sinema ya namna sabuni inavyopikwa, ikaja ya meli inapakiwa mizigo bandarini, na watu walikaa kimya kabisa kwa kupendezwa, mzee mmoja akawa anamhesabia mchukuzi magunia kwa sauti. Mimi nilikaa mbele kabisa. Nilikuwa na furaha ambayo sijui niielezeje.

Ikaingia yetu. Akatokea Mauridi, analima, jasho linamtoka, na sauti ya karani kwenye kipaza sauti ikasema, "Huyu ni Bwana Bidii." Makofi. Mauridi akasimama akainamia watu. Halafu nikatokea mimi, mkubwa kama mlango wa ghala, mdomo wazi, sisimizi shavuni. "Na huyu," ikasema ile sauti, "ni jirani yake, Bwana Mvivu."

Mtu mmoja akacheka kwa pua, na baada ya hapo ghala likalipuka. Nami nilidhani yatapita, kumbe ndiyo kwanza, kwa sababu Mzungu alinipiga picha mara moja tu, na kila akihitaji uvivu ananirudisha uleule. Nyasi zinaota shambani, nimelala. Moto wa porini unakuja, nimelala. Mikorosho inaungua (wala haikuwa ya Marambo, sijui aliipata wapi), nimelala, sisimizi yuleyule, shavu lilelile. Bwana Bidii anapakia magunia ya korosho, Bwana Bidii anapanda baiskeli mpya, mimi nimelala tu.

Nikainuka nikapiga kelele, "Si mimi yule!" Na kwa kuinuka nikawa nimesimama katikati ya mwanga, kivuli changu kikatua juu ya shuka, kofia na unyoya wake, kwa hiyo nikawa wawili, mmoja anakataa na mwingine anakoroma. Shati la mistari huku, shati la mistari kule. Karani akasema kwenye kipaza sauti, "Bwana Mvivu, tafadhali kaa chini, watu waone."

Mauridi, Mungu amrehemu, akataka kunisaidia. Akasimama akasema, "Jamani, msimcheke, tulibadilishana tu! Mlimaji alikuwa yeye!"

"Mkabadilishana kwa nini?" akauliza mjomba Chilumba.

Mauridi hakujua kusema uongo. "Alitaka chai," akasema.

Nikarudi nyuma nitoke, mguu ukanasa kwenye waya wa kipaza sauti, waya ukachomoka, mimi nikaanguka juu ya rundo la magunia matupu, chali. "Kalala tena!" wakapiga kelele, na safari hii hata karani alicheka mpaka akashika mashine. Nikabaki palepale. Sikuona sababu ya kuinuka.

Waya haukurudi vizuri, kipaza sauti kikawa kimya, lakini watu wakadai, "Rudia! Rudia!" na mkanda ukarudishwa ukaanza upya bila maneno. Ndipo nilipomsikia mjomba Chilumba, pale pembeni yangu, akisema na wenzake bila kushusha sauti. "Huyu ndiye anataka kujenga kwetu. Kumbe tulikuwa tunafuga usingizi. Bora tumejua mapema." Shangazi mmoja akauliza kama Mauridi ana mchumba. Nilimtafuta Somoe kwa macho, nikaona amejifunika kanga uso mzima, mabega yanatikisika, na halikuwa cheko. Masika mawili yangu yalikuwa yanaondoka hivihivi, kwa ajili ya biskuti.

Mimi nikiwa nimelala kwenye shuka mara ya pili, nikasikia kile kikohozi.

Mama Somoe alikuwa amesimama. Alisema kwa Kimwera, na hakusema nami, alisema na kaka yake kama ilivyo heshima, lakini ghala zima lilisikia kwa sababu mimi nilikuwa nimeua kipaza sauti.

"Chilumba, una macho wewe au matundu? Waambie warudishe pale alipolala."

Watu wakashangilia, wakadhani naye anataka kucheka. Mkanda ukarudishwa. Nikatokea tena.

"Usimtazame yeye. Tazama jembe."

Pale kando ya kichwa changu, kwenye ukingo wa picha, kilikuwepo kijembe kidogo, kimelika mpaka kimebaki kama kiganja, upande mmoja umeisha kabisa maana nalima kwa mkono wa kushoto.

"Jembe lile nililitoa mimi," akasema. "Lilikuwa pana kama sinia. Limeliwa na nini? Limeliwa na shamba langu, lile la mawe unalolijua. Mtazameni na huyo Bidii wenu, jembe lake linang'aa, udongo wenyewe haujaonja. Huyu hajalala kwa uvivu. Huyu kachoka. Mwacheni alale."

Hakuna aliyecheka. Mjomba Chilumba akainuka, akasogea mpaka kwenye shuka, akainama kulitazama lile jembe kwa karibu (akanizibia mimi kwa kivuli chake, nikashukuru), halafu akarudi kukaa. "Haya," akasema. "Atajenga."

Mimi pale juu ya magunia nililia, ndugu zangu, na sioni haya kusema. Wengine wakaanza kunyanyuka waende zao, lakini Mama Somoe akamwambia kaka yake amwombe karani airudie mara moja zaidi, nasi sote tukadhani bado ana hamu na jembe lake.

Nimeoa, nimejenga, nimezaa. Jina la Bwana Mvivu halikuniacha, mpaka leo kuna watu sokoni Nachingwea wakiniona wanalaza kichwa begani na kufumba macho, nami nawasalimu. Filamu ile ilirudi mwaka uliofuata na mwingine, na kila ilipokuja nilikwenda na mke wangu, nikakaa nyuma, na nilipotokea wanawake wa Marambo walisema kwa pamoja, "Mwacheni alale." Ya sabuni nimeisahau, ya meli nakumbuka nusu. Ile haisahauliki, kwa sababu Mzungu alikwenda kupiga picha ya uvivu na kazi yangu ya masika mawili ikaingia pembeni bila yeye kujua. Tangu hapo, filamu yoyote ya makala nikiitazama, natazama pembeni kwanza. Na nimeapa, mtu akinipa kazi ya kukaa kivulini, hata kwa birika zima la chai, nauliza kabla sijakaa, hapa mimi ni nani?

Mama mkwe hakusema nami hata neno moja mpaka alipofariki, wala hakunitazama, nami nikamheshimu hivyohivyo. Lakini tulipokuwa na mtoto wetu wa kwanza, Somoe alinieleza kwa nini mama yake aliomba picha ile irudiwe mara ya mwisho. "Jembe alishaliona mara ya kwanza," akasema. "Alikuwa anakutazama wewe. Masika mawili unamlimia, hakuwahi kuiona sura yako. Pale kwenye shuka hakuna heshima iliyovunjika."

Huwa nafikiri, kama nisingeomba kubadilishana, ningekuwa mimi ndiye mlimaji, nimeinama, kofia imenifunika uso, na yeye angeona mgongo tu. Na mgongo wangu alikuwa anaujua.