Simu ya Macho Matatu

Mwaka wa 1982, nikiwa na miaka kumi, baba alikufa nikatolewa darasa la tatu. Shida ilianza hapo. Nilikuja Nairobi nikabeba mizigo, nikauza betri za redio, kisha simu. Sikusoma, lakini simu nazijua.

Wateja wengi hudanganywa na jina. Simu za jina moja ni kama ndugu: moja ina herufi mwishoni, nyingine haina. Boksi ni lile lile. Ile duni ina macho matatu ya kamera mgongoni, linaloona ni moja tu. Mawili ni kioo cha urembo. Imeandikwa memori nane kwa herufi kubwa, kumbe nne ni za kuazima kwenye nafasi ya kuhifadhia picha.

Mke wangu alipougua kijijini, binti yetu, anayefanya kazi ofisini Kilimani, alimnunulia simu ili tuonane kwa video. Hakununua kwangu, alitaka iwe jasho lake. Alipitia dukani kunionyesha.

"Daddy, si ni hiyo hiyo unauza?"

"Siyo. Hii ni ya kuuzia watu wa haraka."

"Aii! Wewe kila kitu hujauza ni mbaya."

Nilipoenda nyumbani nilibeba ile nzuri. Mgonjwa akaikataa.

"Baba watoto, rudisha mjini. Hii yangu nimenunuliwa na mtoto wangu. Akikuta nimebadilisha nitamwambia nini?"

"Sema iliharibika."

"Nidanganye, na vile nimelala hapa?"

Nikarudi nayo. Kila jioni nilipiga. Uso wake ulikuja kama uko nyuma ya moshi. Akiinua mkono, mkono unabaki hewani, sauti inaendelea. Nimezungukwa na simu nzuri rafu nzima, na siwezi kuona kama mke wangu amekonda.

Mara ya mwisho nadhani alikuwa anacheka. Picha iliganda, mdomo wazi, halafu betri ikaisha. Kesho yake shemeji alinipigia kwa kale kasimu kake ka tochi, na hakakukatika hata kidogo. Nilisikia kila neno la msiba.

Binti yangu husema mama aliipenda sana ile simu. Ni kweli. Mengine sijamwambia.

Leo nina duka moja mjini, vyumba vitano vya kupangisha Dagoretti, ng'ombe wawili nyumbani, pikipiki, na ile simu ya macho matatu aliyoiacha mke wangu. Hiyo naichaji kila asubuhi. Siiuzi.