Baba wa Simu Alivyopanda Wusi

Niliondoka Lodwar kwa sababu ya swali la binti yangu mdogo. Nilikuwa nimempigia mama yao kama nilivyozoea kila Jumapili, na kabla hajampa mtoto simu nikamsikia mtoto mwenyewe akiuliza kwa sauti ya juu, "Nani huyo? Ni Baba wa Simu?" Wakio alikuwa na miaka sita. Dada yake Wakesho, wa miaka tisa, alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilibaki nimekaa juu ya mfuko wa simiti, na chai yangu ikapoa.

Mimi ni fundi wa kalvati, zile njia za maji zinazopita chini ya barabara. Nimejenga kalvati Moyale, Garissa na Lamu, na nyingi kati ya hizo sijazipita tena tangu siku zilipokauka. Nilizaliwa Bungoma, nikafika Voi nikifuata kazi ya reli mpya, nikamwoa msichana wa Wusi, kijiji cha mlimani, kisha nikaendelea kuhama kama kawaida yangu. Ukiniuliza napenda nini, nitakuambia napenda asubuhi ya mahali nisipopajua. Ukiniuliza naota nini, naota mahali nilipokwisha kuondoka. Mtu wa namna hiyo ni mzuri kwa kampuni za barabara, lakini si mzuri kwa mtoto wa miaka sita.

Mwaka huo mambo yalinikubalia. Shamba moja la ndizi kule Taveta lilitaka mtu wa kudumu wa kutunza mifereji yake, na likanichukua. Mama Wakesho alitangulia kwenda kutafuta vyumba na kuanza biashara yake ya ndizi sokoni. Mimi nilipewa likizo yote ya Agosti nikae na wasichana kwa nyanya yao Wusi, ili shule zikifunguliwa twende Taveta sote wanne. Ilionekana rahisi.

Lodwar, alfajiri. Nilipanda lori lililokuwa likirudi Kitale na kreti tupu. Dereva aliniuliza narudi lini, nikamwambia sirudi. Akanitazama na kucheka. "Fundi, wewe umeniambia hivyo hata Marigat."

Kitale, jioni, mvua ilikuwa ikinyesha, nami nilikuwa nimesahau harufu ya udongo uliolowa. Nililala huko. Kesho yake nikafika Nairobi, na siku ya tatu nikashuka Voi saa sita mchana, upepo ukinipiga vumbi jekundu usoni. Nilinunua nanasi, viatu vya mpira jozi mbili, na mpira wa kuchezea. Viatu vilikuwa vidogo, jozi zote mbili. Nilikuwa nimenunua saizi ya watoto waliokuwa kichwani mwangu.

Mwatate, saa tisa. Ukitoka hapo, mistari ya mkonge inabaki chini, barabara inaanza kupanda, na hewa inabadilika kabla hujafunga vifungo vya koti. Bodaboda aliniacha penye njia ya miguu. Mlima wote ulikuwa umekatwa ngazi ngazi za mashamba madogo, kabichi, maharage, sukuma wiki, na katikati ya yote hayo maji yalikuwa yakitembea kwenye mfereji mwembamba.

Mama mkwe alikuwa mlangoni. Kwetu Bungoma mkwe hampi mama mkwe mkono, wala halali kwenye nyumba yake, kwa hiyo nilisimama mbali na kuinamisha kichwa.

"Baba Wakesho, una nini? Shingo inauma?"

"Hapana, Mama. Ni heshima."

"Kwenu mkija kwa wakwe mnalala wapi?"

"Hatulali, Mama. Tunarudi."

"Haya. Utarudi Lodwar usiku huu?"

Nililazwa kwenye stoo ya mahindi, ambayo yeye alisema si nyumba na mimi nikakubali kwamba si nyumba. Wakesho alinirukia shingoni. Wakio alisimama nyuma ya gauni la nyanya yake, akaitazama simu iliyokuwa mkononi mwangu, kisha akanitazama mimi, kama mtu anayelinganisha mzigo na risiti yake.

Jioni hiyo, tukila kimanga cha muhogo na maharage yaliyopondwa pamoja, mama mkwe alinieleza msimamo wake. Alikuwa amekwisha kuongea na binti yake Taveta. "Wakesho ni mkubwa, anajua baba yake ni nani. Huyu mdogo simfungi kama gunia nikupakilie. Likizo ikiisha, akisema mwenyewe anakwenda na wewe, nitawafungia chakula cha njiani. Akikataa, anabaki hapa mpaka moyo wake ukubali."

"Na usipokubali?"

"Basi utampigia simu," akasema, akaniongezea kimanga.

Juma la kwanza nilijitahidi sana, na labda hiyo ndiyo ilikuwa shida. Nilijaribu kumsuka Wakio nywele. Wakesho alishika kioo kwa dakika mbili kisha akakiweka chini kwa huruma. Nilipika uji ukashika sufuria. Nilisimulia habari za ngamia wa Turkana, na Wakio akamuuliza dada yake, si mimi, "Ngamia anakula nini?" Nikamjibu yeye. Akamgeukia dada yake tena, "Anasema miba?" Kila kitu nilichosema kilipitia kwa Wakesho kama simu inayopitia kwa opereta.

Lakini asubuhi za Wusi zilinishinda kwa uzuri. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni mpaka mlangoni, kisha jua linaupasua, na kule chini tambarare yote inaonekana mpaka Voi. Wasichana walikuwa wakiteremka mferejini na mitungi, wakirudi wamelowa, wakigombana nani amemmwagia nani. Nilikuwa nimezipoteza asubuhi kama hizo kwa miaka, na sasa nilizipokea moja moja.

Zamu yetu ya maji ilikuwa Jumatano, asubuhi mpaka adhuhuri. Utaratibu wao ni huu. Ukifika saa yako, unaziba mfereji kwa mabonge ya udongo wenye nyasi na kipande cha mgomba, maji yanageuka yanaingia shambani kwako. Saa yako ikiisha, wewe uliyemaliza ndiye unayefungua, kwa mguu tu, na maji yanateremka kwa jirani anayefuata. Jirani yetu wa chini alikuwa Mama Mkamburi, mwenye miche ya kabichi aliyoipenda kama watoto.

Nilipouona ule mlango wa matope, fundi aliye ndani yangu alicheka. Mama mkwe alipoteremka Mwatate siku mbili kumuuguza dada yake, nilinunua simiti, nikajenga kuta mbili safi za mawe na kuweka ubao wa kupandisha na kushusha katikati. Wakesho alisema, "Baba, huku hatufanyi hivyo." Nikamwambia angoje aone.

Jumatano, ubao ulizuia maji yote, hata tone halikupita. Shamba lilishiba. Adhuhuri nikaenda kuuinua, ukakataa. Ulikuwa umekunywa maji ukafura, umebana kwenye mawe yangu mazuri kama jino. Nilivuta, nikagonga kwa nyundo. Maji yakapanda, yakapita juu ya ukingo, yakachimba njia mpya pembeni, na yakashuka yote kwa pamoja kwenye miche ya Mama Mkamburi.

Mwenyewe akaja mbio, mguu mmoja tayari kufungua nilichoshindwa mimi. Akaupiga ule ubao teke, akaruka nyuma akishika kidole.

"Uwi! Nani amezika mtu hapa?"

"Baba wa Simu amejenga ukuta!" Wakio akapaza sauti kutoka juu ya ukingo. Ilikuwa mara ya kwanza anizungumzie mbele yangu bila kupitia kwa dada yake.

Nilitoa pochi. Mama Mkamburi alinitazama kana kwamba nimevua shati. "Weka hiyo. Mfereji haulipwi. Aliyeuharibu anausafisha, toka kijitoni mpaka shamba la mwisho, yeye na watu wa nyumba yake, kabla zamu yake haijarudi. Sasa tuambie, watu wa nyumba yako ni akina nani?"

Majirani wanne walikuwa wamekwisha kufika. Wakesho akachukua panga, akasimama kando yangu. Macho yote yakaenda kwa Wakio. Akayatazama maji, akaning'iniza miguu ukingoni, hakuja.

Sikumwita. Mpaka leo nashukuru kwamba sikumwita.

Alhamisi asubuhi niliuvunja ukuta wangu kwa nyundo yangu mwenyewe, mimi na Wakesho tukaanza kule juu kijitoni. Tulifyeka magugu, tukatoa matope, tukaziba matundu ya kaa. Mama mkwe alirudi, akapita njiani, akaniambia tu, "Pole na heshima zako." Ijumaa mgongo wangu ulikuwa umekataa kunyooka. Kazi ile ilikuwa ndefu kuliko siku tulizobakiwa nazo, kwa sababu kila tulipoziba, maji yalitorokea mahali pengine nisipopaona.

Jumamosi, kitu kama saa nne, nikasikia sauti juu ya kichwa changu.

"Hapo hapavuji. Panapovuja ni huku."

Wakio alikuwa amebeba mihogo ya kuchemsha ndani ya kitambaa. Aliiweka juu ya jiwe, akaingia mferejini na viatu vyake, akaonyesha kwa kidole. Kweli, palikuwa pakivuja. Kumbe mtoto huyu alikuwa akicheza kwenye mfereji ule tangu ajue kutembea, na alilijua kila tundu kwa jina. Kulikuwa na Mdomo wa Bibi, kulikuwa na Choo cha Chura.

Nilichukua bonge la nyasi nikalibandika.

"Si hivyo," akasema. "Nyasi chini, udongo juu. Halafu unakanyaga. Kanyaga na kisigino, si na vidole. Kwani kwenu hamna mifereji?"

"Nimejenga kalvati mia."

"Na zote ziko na ukuta?"

"Zote."

Alinihurumia. "Basi kanyaga."

Nikakanyaga. Tulifanya kazi hivyo Jumamosi, na Jumapili baada ya kanisa, na Jumatatu, na Jumanne, yeye mbele akitaja matundu, mimi katikati nikikanyaga, Wakesho nyuma akikagua na kutucheka wote. Sijawahi kuwa na msimamizi mkali kama yule. Jumanne jioni tulifika shamba la mwisho, maji yakiwa nyuma yetu, yanatufuata safi, na mzee mwenye shamba hilo akatoka, akachovya mkono, akasema hajaona maji mengi hivyo tangu mvua za mwaka uliopita. Nilitaka kupiga kelele. Nikapiga. Wasichana nao wakapiga, mbwa wakaitikia mlima mzima.

Jumatano zamu yetu ilirudi. Wakio alijenga mlango kwa mikono yake. Adhuhuri Mama Mkamburi alikuja mapema, mikono kiunoni, kutukagua. Wakio akaubomoa kwa mguu mmoja, maji yakateremka yakiimba kwenye kabichi zake mpya, tulizompandia sisi.

"Haya," Mama Mkamburi akakubali. "Nani amekufundisha kufungua vizuri hivi?"

"Mimi ndiye nimemfundisha Baba," Wakio akasema.

Baba. Bila simu. Mama Mkamburi alilisikia, akanitazama, akajifanya anaangalia kabichi. Mimi nilijifanya nanawa uso.

Agosti iliyobaki ilikuwa yetu. Viatu vidogo alipewa mjukuu wa Mama Mkamburi, mpira ukapasuka kwa kuchezwa, nywele nikajifunza kusuka mistari minne minene ambayo Wakesho aliita "barabara za Baba". Lakini Taveta sikuitaja mbele ya Wakio. Mwenyewe aliuliza, siku moja tukifua nguo.

"Kule kuna mfereji?"

"Kuna mikubwa. Ndiyo kazi yangu."

"Ya ukuta?"

"Ya ukuta, mingi."

Akasugua soksi kwa muda mrefu. "Itabidi niende nikaone," akasema.

Siku ya kuondoka ilikuwa Jumatano, na hilo nilikuwa nimelisahau. Bodaboda walikuwa wawili, mizigo imefungwa, mama mkwe ametufungia chakula cha njiani kama alivyoahidi. Alininyooshea mkono. Nikasita, nikaupokea. "Bungoma hawakuoni," akaninong'oneza.

Wakio hakuwepo. Nilimkuta ukingoni, amekaa.

"Twende, mama. Watu wanangoja."

"Zamu haijaisha."

Wale vijana wa bodaboda walipiga honi. Nilikuwa nimeondoka mahali pengi maishani mwangu, mara nyingi kabla jua halijatoka, nisiagane na mtu. Nikajua kwamba yule mtoto alikuwa akinionyesha namna ambayo sikuwahi kuifahamu. Nikakaa naye. Wakesho akaja akakaa. Tulingoja mpaka adhuhuri, shamba la nyanya yao likanywa, kisha Wakio akasimama, akabomoa mlango kwa kisigino, akayasindikiza maji kwa macho mpaka yalipoingia kwa Mama Mkamburi.

"Sasa twende, Baba."

Tuliteremka wote watatu na mlima ukabaki nyuma. Mwatate, tukingoja gari la kupitia Bura kwenda Taveta, simu yangu ililia mfukoni. Wakio akaichukua kabla yangu. Alikuwa mama yao, akiuliza tumefika wapi na kama baba yupo.

"Yupo," Wakio akamwambia, akiegemea goti langu. "Lakini siku hizi haingii kwenye simu. Ukimtaka, tungoje tufike."

Akakata.