Gamba la Mwalimu na Dawa ya Kupe

Mwalimu mpangaji wetu alipokwenda Dongobesh kusimamia mitihani, aliniachia gamba la kaa. Nasema kaa kwa sababu ndivyo anavyoitwa, ingawa mwalimu alisema si kaa kabisa. Kaka yake ni baharia; aliliokota ufukweni nchi ya mbali akamletea, na tangu hapo kila anakohamishiwa kazi anahama nalo, limefungwa kwenye kanga.

"Lisivunjike," aliniambia. "Kaka akiwa safarini, sina kingine cha kumkumbukia."

Nikaapa. Mimi ni mwepesi wa kuapa.

Niliishia darasa la saba, kwa hiyo huenda nimeshika vibaya aliyonieleza, lakini nililipenda gamba lile mpaka nikawa sishikiki. Mbele ni duara kama kwato, nyuma mkia mrefu kama msumari. Ukiuona unasema huu ni wa kuchomea watu, kumbe ni wa kujigeuzia akianguka chali. Nikamfuata mama jikoni, naongea kama niliyelewa.

"Mama, mdomo wake uko katikati ya miguu."

"Anaonaje anachokula?"

"Macho yapo mgongoni, mengine chini karibu na mdomo. Na mkia nao unahisi mwanga."

"Basi huyo humwibii kitu."

"Na anatafuna kwa mapaja. Asipotembea, hatafuni."

"Kama wewe na hindi la kuchoma, unatafuna njia nzima mpaka Mbulu mjini."

Nilicheka nikakaa chini. Nikamwambia damu yake ni ya bluu. Mama akaacha kumenya viazi.

"Ukoo wake ni upi?"

"Buibui na nge," nikasema. "Na kupe."

Hapa nimtendee mama haki. Masika yaliyopita kupe walituletea ndigana, tukapoteza ndama ambaye mama alikuwa akimwita kwa jina. Na undugu ule nilimtajia mimi, hakuuota.

Nilikwenda kukata majani. Niliporudi, gamba lilikuwa juu ya kisiki mlangoni mwa zizi, linadondosha maji meupe. Mama alikuwa na bomba la kuogeshea ng'ombe mgongoni, kitenge puani.

"Nimemwogesha mbele na nyuma," akasema. "Chini ya mkia na makwapani nimerudia, si ndiko wanakojificha."

Nililisuuza, nikalianika kivulini. Halikuvunjika, lakini lilinuka kama josho zima. Kwa siku zote zilizobaki nilikuwa nacheka, halafu namkumbuka yule kaka baharini, kicheko kinakatika.

Mwalimu aliporudi, hata begi hakulitua. Alinusa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Dawa nimemwagia mimi, huyu usimlaumu."

"Lakini mimi ndiye niliyesema ni ndugu wa kupe," nikasema.

Mwalimu aliligeuza gamba, akaugusa mkia, akachungulia miguu mmoja mmoja. Sikumwona uso. Mabega yakaanza kumtikisika, nikajua nimemliza. Alipogeuka alikuwa anacheka bila sauti, machozi yanamtoka.

"Ngoja nimsimulie kaka," akasema akishika ubavu. "Mama, humu hamkuwa na mtu. Hii ni nguo yake ya zamani tu. Akikua, gamba linapasuka hapa ukingoni mbele, anatoka anatembea, analiacha zima."

Hilo hata mimi sikulijua. Nililirukia kwa furaha, nikatafuta ule mpasuko kwa ukucha nikauona, mwembamba kama uzi.

Mama hakucheka. Alikuwa anafikiri.

"Akitoka, anakuwa mdogo kuliko hili?"

"Mkubwa zaidi, mama. Lakini ni wa baharini, huku hafiki."

"Sawa, mwanangu," mama akasema, akaenda kulifunga zizi. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini ile chupa ya dawa imebaki kiasi gani.