Jina la mtandao wa ofisi ya mjomba

Sijawahi kumwambia mtu hili ila mmoja: jina la mtandao wa ndani wa kampuni ya mjomba, kule Mikumi, nililitafuta mimi.

Mjomba aliahidi kwamba atakayepata jina linalofaa ndiye atakayeunganisha kompyuta za ofisi likizo hii.

Nilipolipata nilimwambia mwanawe Hamisi tu. Naona aibu kusema mbele ya watu.

Leo kikaoni Hamisi akasema, "Baba, nimefikiria sana. Tuweke neno 'ofisi' mbele ya jina la tovuti yetu."

"Kwa nini tusitumie la tovuti lenyewe?" mjomba akauliza.

Hamisi akanigeukia.

"Mdogo wangu atawaeleza."

Nikaeleza: majina yakifanana, kompyuta zingeitafuta tovuti ndani ya mtandao wa ofisi, na wafanyakazi wangeshindwa kuifungua wakiwa ofisini.

Mjomba akampongeza Hamisi kwa kunifundisha vizuri.

Nyie mngesema kwamba jina mlilipata nyie?

Mimi nilichukua kitabu changu cha mitandao mezani kwa Hamisi, nikapanda basi kurudi nyumbani Kilosa.